Taa za Kumrudisha Mzee

Jumapili, 9 Novemba 1975

Mzee amepotea tena leo jioni. Aliyemrudisha ni Marselino, jirani yetu, amemshika mkono kama bibi harusi, wote wawili wamelowa chapachapa. Safari hii alifika hadi njia ya Mollo, anawauliza wapita njia kama wamewaona ng'ombe wake. Ng'ombe wenyewe walichinjwa kwenye matanga ya mama mkwe, na waliobaki wakagawanywa kwa ndugu. Tangu hapo ndipo tukamchukua Mzee kutoka Rungwe kuja kukaa nasi huku mtaa wa Majengo, nchi ya Wafipa.

Naandika "Mzee" kwa sababu jina lake sijawahi kulitamka na sitaanza leo. Kwetu Unyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Hawasalimiani, hawakutani njiani, hawakai chumba kimoja. Akija huku, mimi napita kule, hata kama kule ni matope matupu. Mimi mwalimu mzima wa kisomo, ninayewafundisha watu wazima kusoma kwa ajili ya maendeleo ya taifa, nikisikia kikohozi cha Mzee najibanza nyuma ya pipa la maji. Fanueli, mume wangu, anasema sisi ni Wakristo, mambo hayo tuyaache. Ni rahisi kwake, yeye hana wa kumkimbia.

Basi tumejipangia utaratibu. Chumba cha Mzee kiko uani, mlango wake unatazama bustani yangu. Akitaka kutoka anakohoa kwanza, nami naondoka. Nikimpelekea chakula naweka juu ya kigoda mlangoni, nagonga sahani kwa kijiko, nageuka. Kukaa naye kote huku, ninachokijua ni mgongo wake na kikohozi chake. Akili imeanza kumtoka: hajui mwezi wala mwaka, mara nyingine anamwita Fanueli kwa jina la kaka yake aliyekufa. Lakini kukohoa hajasahau hata siku moja.

Nimechoka naye. Nimeandika, na Mungu anisamehe.

12 Novemba

Fanueli ana wazo jipya, na Fanueli akipata wazo nyumba nzima inakosa usingizi. Yeye ni fundi wa umeme wa magari kwenye gereji ya mkoa. Ndiyo maana tulihamishiwa huku kutoka Mbeya, mkoa huu ulipoanzishwa. Umeme wa mjini haujafika mtaa wetu, na hatuna dalili ya kuupata.

"Mama Suma," ananiambia (Suma ni binti yetu, anasoma Tukuyu kwa dada yangu), "Baba hapotei wakati wa kwenda. Anapotea wakati wa kurudi."

Ni kweli. Jioni ikifika Mzee anatoka kupitia geti dogo la chini ya bustani, anavuka kijito, anapanda hadi mahameni kutafuta ng'ombe. Pale mahameni walikuwa wakiishi watu mpaka mwaka jana walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Zimebaki kuta za udongo na miti ya ua. Giza likiingia Mzee anageuka kurudi, na ng'ambo hii hakuna anachokiona ila mapaa meusi yanayofanana. Anachagua njia yoyote.

Fanueli anataka kuweka taa. Si taa moja: mstari wa taa kutoka mlango wa chumba cha Mzee, kupita katikati ya kabichi na maua yangu, mpaka getini. Umeme wa betri ya gari.

"Na mvua ikinyesha, nikikanyaga waya?"

"Volti kumi na mbili? Haziui hata kuku."

16 Novemba

Mvua.

22 Novemba

Fanueli amerudi kutoka misheni ya Kaengesa na betri ya trekta. Fundi wa misheni alikuwa ameitupa; Fanueli akaifungua, akaosha, akaongeza maji yake, akasema bado ina roho. Waya amezichuna kutoka kwenye lori bovu lililolala nyuma ya gereji, kwa ruhusa ya mkubwa wake. Balbu ni za nyuma ya magari. Akaziweka mezani kwangu pamoja na grisi zake, juu ya kitambaa nilichokitarizi mwenyewe.

29 Novemba

Jumamosi nzima tumechimba mfereji. Mimi nachimba, yeye analaza waya ndani ya mianzi iliyopasuliwa ili fuko wasizitafune, kisha tunafukia. Alitaka kupita katikati ya tuta la vitunguu. Nikamwambia apite pembeni au achague kati ya mke na taa. Akapita pembeni.

Cornelia, mke wa Marselino, alikuja kutazama, akakaa juu ya jembe lake. Ni mwanafunzi wangu wa kisomo, kwa hiyo ananiita Mwalimu hata nikiwa na matope puani. Wafipa hawana mambo yetu ya kukwepana wakwe. Yeye huingia chumbani kwa Mzee, "Shikamoo, Mzee," wanakaa wanaongea, Kiswahili chake cha Kifipa na cha Mzee cha Kinyakyusa, na kwa namna wanayoijua wao wanaelewana.

"Mwalimu, huyu mzee wako ana maneno matamu," akasema. "Wewe unajinyima tu."

"Sijinyimi. Ni heshima."

"Heshima gani, mtu unamlisha kama unamwibia!"

Nikacheka, lakini liliniuma. Namwona Cornelia ana mdomo mrefu.

3 Desemba

Taa ya kwanza inawaka vizuri. Ya mwisho, ile ya getini, ni kama jicho la mgonjwa. Fanueli anasema waya ni nyembamba, umeme unachoka njiani. Hakula chakula cha jioni, amekaa anachora.

6 Desemba

Amepata waya nene, akaivuta moja kwa moja mpaka katikati ya bustani, kisha kutoka hapo inagawanyika, moja inarudi juu na nyingine inashuka getini. Sasa zote zinalingana, au karibu zilingane. Kila balbu imekaa ndani ya chupa ya jamu iliyofungwa kichwa chini juu ya kijiti, maungio yamezibwa kwa nta. Ya getini bado ni hafifu kidogo, lakini hafifu kwa macho ya Fanueli tu.

Tuliziwasha giza lilipoanza kuingia. Sikuwa nimejua kuwa kabichi ni nzuri. Kila jani na mishipa yake, na maua ya waridi yamesimama pale kana kwamba yameitwa majina. Marselino na Cornelia walikuja uani. Cornelia akapiga ishara ya msalaba, akasema ni kama maandamano ya Ekaristi.

Fanueli akanishika bega mbele za watu. Hajawahi.

7 Desemba

Mzee amerudi mwenyewe! Nilikuwa jikoni, Fanueli amejificha nyuma ya nyumba kama mwizi ili ashuhudie. Anasema Mzee aliteremka kutoka mahameni taratibu, akavuka kijito, akaingia getini, akapita taa baada ya taa huku akiigusa kila chupa. Kisha kikohozi mlangoni, na mlango ukafungwa. Fanueli aliingia jikoni akakaa kwenye gunia la mkaa, akalia. Nikamwacha alie.

13 Desemba

Juma zima Mzee anakwenda na kurudi. Betri inapelekwa gereji kuchajiwa Jumatatu na Alhamisi, inarudi kwa baiskeli.

15 Desemba

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Adolfu, amekuja kuuliza hizi taa ni za kilimo au za starehe. Wakati huu wa kubana matumizi, anasema, viongozi wakipita wataonaje kabichi zina taa na zahanati ina kibatari? Nikamweleza habari za Mzee. Akavua kofia. Akasema baba yake naye alikwenda hivyohivyo, wakamkuta bondeni. Aliondoka na kabichi mbili, za kupewa.

26 Desemba

Krismasi imepita. Mzee alikula nyama yote, akarudisha sahani imeoshwa. Nani amemwambia aoshe?

5 Januari 1976

Fanueli anaanza safari za mahindi. Malori ya serikali yanasomba mahindi kutoka vijijini kabla barabara hazijakatika, na kila msafara lazima uwe na fundi. Atakuwa anaondoka siku mbili, tatu. Betri ataleta mtu wa gereji.

Kabla ya kuondoka alinipa maagizo. "Jioni usikae jikoni tu. Simama getini, chini ya taa ya mwisho, uwe unatazama. Ukiona mtu anashuka, unaingia ndani, basi, hamtakutana. Asiporudi ndipo umwite Marselino."

Nikakubali.

8 Januari

Nimesimama getini mpaka miguu ikafa ganzi. Mzee haonekani. Ukiwa ndani ya mwanga, nje yake huoni kitu, giza limekuwa ukuta. Nikaingia kugeuza ugali kabla haujaungua, na kabla sijaufikisha kwenye sahani, kikohozi mlangoni. Kumbe alikuwa njiani.

9 Januari

Vilevile. Nimesimama, hakuna mtu. Nimeingia, kakohoa. Ana bahati ya kunikosa.

14 Januari

Jambo la leo limenikalia moyoni. Nilitoka kisomo mapema kwa sababu ya mvua, nikakuta bustani imepaliliwa. Si leo tu. Nilikuwa nadhani magugu mwaka huu ni mavivu. Cornelia ndiye aliyenifungua macho.

"Mzee anapalilia kila ukienda kazini, Mwalimu. Akisikia saa ya kurudi kwako inakaribia anaingia ndani. Ukimuuliza saa ngapi hajui, lakini saa yako anaijua."

Nilikwenda kutazama. Amepalilia kwa mkono, mstari kwa mstari, na udongo ameupandisha kwenye mashina jinsi watu wa kwetu wanavyofanya. Kwenye njia ya taa amefuta matope kwenye chupa zote. Mtu ambaye kwa mkono wangu mwenyewe niliandika kuwa nimechoka naye. Nilisimama pale katikati ya kabichi nikaona aibu.

17 Januari

Nimeanza kumfumia Mzee sweta. Nyuzi ni za kijani kwa sababu dukani zilikuwepo za kijani tu. Vipimo nimekadiria kwa mgongo.

24 Januari

Jana jioni niliweka sweta kwenye kigoda, nikagonga kijiko. Asubuhi nimekuta kwenye kigoda hichohicho mzigo wa kuni kavu umefungwa kwa kamba ya mgomba. Kamba ya mgomba ameitoa wapi huku kwenye baridi, ambako migomba ni ya kutafuta kwa tochi?

2 Februari

Mvua kila siku. Fanueli amerudi, amelala, ameondoka. Anasema barabara ya bondeni kwenda ziwani imekuwa uji.

6 Februari

Jioni za sasa zinafanana. Nawasha, nasimama getini, natazama giza mpaka macho yanauma. Mzee haji. Naingia, anakuja. Leo nimemwambia Cornelia kuwa Mzee ananifanyia mchezo wa kujificha. Akacheka sana, akataka kusema kitu, lakini mtoto wake akamwita.

Anachelewa zaidi kuliko zamani. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa anarudi kabla ugali haujaiva. Sasa ugali unapoa. Nadhani miguu imechoka, au akili inazidi kupungua. Nimeamua kuwa nitasimama muda mrefu zaidi, nisiingie haraka hivyo.

15 Februari

Baridi kali na upepo. Mzee amechelewa sana, nikaogopa. Nikaenda mbio mpaka kwa Marselino. Niliporudi uani nikasikia kikohozi, yuko ndani tayari. Nilikaa nyuma ya mlango wake nikamsikia akivua viatu, kimoja, kingine. Nilitaka kumwambia, Baba, usiende tena. Neno moja tu. Nikainuka nikaenda kuzima taa.

Jumamosi, 28 Februari

Sijui nianzie wapi.

Jana Fanueli alikuwa safarini. Mchana kulikuwa na jua, Mzee akatoka mapema, bila koti, amevaa sweta lake la kijani tu. Kwenye saa kumi na mbili mawingu yakafunga upande wa Mollo, na mvua ikaja na upepo, mvua ya mawe, bati linapigwa huwezi kusikia sauti yako mwenyewe. Betri ilikuwa imechajiwa siku iliyotangulia. Nikawasha taa. Zote zikawaka. Naliandika hili kwa sababu leo watu wananiuliza: ziliwaka zote, hata ya getini.

Nilijifunika gunia kichwani nikashuka getini. Nikajiambia, leo siingii. Leo sitaingia kugeuza ugali wala kufanya nini, nitasimama hapa mpaka nimwone kwa macho yangu, na kama ni kukutana tukutane, Mungu ndiye atakayetuhukumu. Mvua ya mawe ilikuwa inaniruka miguuni. Moyo wangu ulikuwa umejaa huruma kwa yule mzee kiasi ambacho sikuwahi kujua. Nilikuwa namwona kichwani mwangu, mgongo ule, na sweta lililolowa maji.

Nikasimama. Mvua ya mawe ikageuka maji. Nikasimama. Giza likaingia kabisa, nami niko pale chini ya taa, nimeinua mkono kuziba macho, sioni hata kijito. Mwishowe nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe. Nikaliita jina lake. Kwa nguvu zangu zote nikaliita, mara ya kwanza na ya pili, kuelekea mahameni. Hakuna aliyeitika.

Cornelia ndiye aliyesikia sauti yangu, akamtoa mumewe. Marselino akavuka kijito kikiwa kimejaa mpaka kiunoni. Akamkuta Mzee mahameni, amekaa nyuma ya ukuta wa nyumba moja isiyo na paa, upande unaotazama kwetu, magoti kifuani, hawezi kusema. Alimbeba mgongoni.

Walipoingia getini nilikuwa bado nimesimama palepale. Marselino akapita na Mzee mbele yangu. Mzee akageuza uso wake, akaulaza upande wa pili wa shingo ya Marselino, asinione. Nami nikainamisha wangu. Hata katika hali ile.

29 Februari

Homa. Mganga kutoka hospitali amesema ni kichomi, amemchoma sindano. Marselino amelala chumbani kwake.

1 Machi

Fanueli amefika na matope hadi kwenye nyusi. Aliingia kwa baba yake moja kwa moja. Alipotoka aliuliza swali moja: "Taa ziliwaka?"

"Ziliwaka."

"Na ya getini?"

"Na ya getini."

"Wewe ulikuwa chini yake," akasema. "Aliye mbali ndiye anayejua kama inaonekana."

3 Machi

Mzee anakohoa mfululizo. Na mimi, kila akikohoa, miguu yangu inataka kuondoka. Nimekuwa nikiinuka na kukimbilia nyuma ya pipa la maji, kisha nakumbuka kuwa hatoki popote. Leo nimejizuia kwa kushika nguzo ya jikoni. Cornelia amepita na majivu ya Jumatano kwenye paji la uso, akampikia uji wa ulezi, anamlisha yeye. Mimi nasaga ulezi, nachemsha maji, nafua shuka zake. Kazi zote za kumhudumia isipokuwa kumwona.

5 Machi

Fanueli amesema niingie. Amesema, "Yeye hajui tena ni nani ameingia. Njoo umshike mkono." Nikafika mlangoni. Mzee akakohoa, na ninaapa, alikohoa kile kikohozi cha zamani, kifupi, cha kuomba njia. Akageukia ukutani.

Nikarudi jikoni.

Jumamosi, 6 Machi

Amefariki alfajiri.

8 Machi

Tumemzika jana. Tulitaka apelekwe Rungwe, alale kwenye migomba yake kando ya mkewe, lakini barabara imekatika na lori haliwezi kupita. Amezikwa huku kwenye baridi, na watu ambao hakuwazoea. Wamoraviani kama sisi ni wachache hapa, kwa hiyo Wakatoliki wa mtaa ndio walioimba, na waliimba vizuri. Mzee Adolfu balozi alishika sururu mwenyewe.

Waliponiita nimuage nilimtazama. Ana pua ya Suma. Binti yangu ana pua ya babu yake, na mimi sikujua.

10 Machi

Fanueli hajaenda kazini.

12 Machi

Fanueli ameanza kufukua waya. Anasema anataka kujua. Usiku ukiingia anavuka kijito, anapanda mahameni, anakaa nyuma ya ule ukuta anatazama taa. Akirudi anasema ya getini ni hafifu, kwa mvua ile isingeonekana. Nikimwambia ilionekana, anasema namwonea huruma.

15 Machi

"Ningetafuta waya nene mpaka mwisho," anasema. "Niliona uvivu. Nilijua umeme unachoka njiani, nikasema basi, inatosha. Nimemuua baba yangu kwa uvivu wa waya." Kabichi zangu zimelala kwenye mitaro aliyoichimba. Sijamkemea.

17 Machi

Mvua imepungua. Fanueli hali chakula. Mkubwa wake wa gereji amekuja, amezungumza naye uani, ameondoka akitikisa kichwa. Naogopa nitawapoteza wote wawili.

Jumamosi, 20 Machi

Cornelia alikuja leo mchana na mahindi mabichi ya kwanza. Tukakaa jikoni tukimenya. Fanueli alikuwa chini getini, anakata mwanzi mmoja mmoja na kuipima waya kwa balbu yake.

Cornelia anajua kufariji, na namna yake ni kuongea. Nilikosea kumwita mdomo mrefu. Ndiye mtu pekee katika mtaa huu aliyemjua Mzee. Akawa ananisimulia maneno yake, habari za ng'ombe wake, jinsi alivyosifia sweta na kusema mkamwana wake ana mikono ya baraka. Nilikuwa nalia na kucheka.

"Alikuheshimu, Mwalimu," akasema. "Alikuheshimu kupita kiasi. Mwezi ule wa pili nilipita mahameni jioni natafuta mbuzi wangu, nikamkuta amekaa pale nyuma ya ukuta. Taa zenu zinawaka, bustani yote unaiona kama mchana. Nikamwambia, Mzee, twende, chakula kinapoa. Akaniambia, 'Mama, humwoni mkamwana wangu? Amesimama palepale njiani, kwenye mwanga. Nitampitaje? Acha aingie ndani. Akiingia, nashuka.' Nikacheka, nikasema ninyi na mambo yenu ya Kinyakyusa! Tukakaa wote. Ulipoingia jikoni, akainuka, akaja zake."

Nikamuuliza kama ilikuwa siku moja tu.

"Aa, alisema ni kila siku. Alisema, 'Siku hizi anasimama muda mrefu. Kazi za jikoni zimempungukia.'"

Aliendelea kumenya mahindi. Hakuwa amejua alichoniambia, na sikumwambia. Nilimshukuru kwa mahindi, nikamsindikiza, nikarudi jikoni nikakaa. Nikawaza kunyamaza. Ni Fanueli peke yake anayejilaumu, na hakuna mtu duniani atakayejua. Cornelia atasahau. Baada ya miezi kadhaa mume wangu atachoka kuchimba, atarudi kazini, na kila atakapoona balbu atajua kuwa alimuua baba yake.

Nikashuka bustanini. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, koleo mkononi, hakuinua kichwa.

"Fanueli. Acha kupima."

"Bado hii moja."

"Taa ya getini ilionekana mpaka mahameni. Baba aliiona. Aliziona zote, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho." Nilikuwa sijawahi kumwita Baba. "Aliniona na mimi chini yake. Alikuwa anangoja niingie ndani ndipo apite."

Alibaki amepiga magoti. Nikamweleza kama Cornelia alivyonieleza, neno kwa neno, sikuficha hata lile la kazi za jikoni. Koleo likamtoka mkononi. Sikujua kama atanipiga, atanikumbatia, au ataniambia nifungashe nirudi kwetu.

Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, "Siku ile ya mvua, ulisimama hapa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka walipomleta," nikasema.